Wasichana Wana Somo, Sisi Tuna Simu

Ukishuka feri upande wa Likoni, kabla hujafika kwenye matatu, tazama milingoti ya stima. Kila mmoja una karatasi. Mganga kutoka mbali, anarudisha mume, anasafisha nyota, anapandisha biashara, na mstari wa mwisho kwa herufi kubwa kuliko zote: NGUVU ZA KIUME. Chini yake nambari ya simu. Nimepita pale tangu niko shule ya msingi, na siku zote nilidhani karatasi zile ni za wazee. Wazee wa vitambi na bakora, wenye wake wawili. Halafu siku moja, nikiwa na miaka 23, nilisimama mbele ya mlingoti mmoja, nikatoa simu, nikajifanya nasoma ujumbe. Kumbe nanakili nambari.

Sikupiga. Lakini kunakili nilinakili, na ndiyo sababu naandika.

Nisizunguke mbuyu. Nazungumzia mabarobaro ambao uume hausimami wakiwa na mtu, lakini unasimama vizuri tu wakiwa na simu. Tuko wengi kuliko tunavyokubali. Tuko Likoni, tuko Kisauni, tuko Changamwe, na tunacheka sana maskani mtu mwingine akitajwa, kwa sababu anayecheka kwa nguvu hashukiwi.

Mimi ilinikuta hivi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikasema narudi muhula ujao, na huo muhula ujao mpaka leo haujafika. Nikarudi nyumbani, Mtongwe, nikapewa chumba cha nje. Intaneti nilikuwa navuta ya jirani kwa pesa kidogo. Mchana nalala, usiku niko macho. Naandika vijikala vya watu kwa malipo ya kuvizia, na nikimaliza nafungua zile video. Nataka nieleweke hapa: sikuwa naangalia kwa sababu nna ashiki kuliko watu wengine. Nilikuwa naangalia kwa sababu ilikuwa saa nane za usiku na hakuna mtu popote aliyekuwa ananihitaji. Video haikuulizi unafanya kazi wapi. Haikuulizi chuo uliacha kwa nini.

Ikaenda hivyo mwaka na zaidi. Kisha nikapata mwenzangu, msichana wa Mikindani, mcheshi, mwenye akili kunishinda. Siku alipokuja kwangu alibadilisha magari mawili na kuvuka feri. Na mimi, mwenye kujifunza usiku kucha kwa mwaka mzima, nikashindwa. Si kidogo. Nilishindwa kabisa. Alikaa kimya, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani sikupendezi?"

Sikumjibu. Nilivaa shati. Hadi leo hilo ndilo linaloniuma, si kule kushindwa. Mtu alikuwa anajilaumu mbele yangu kwa kosa lisilokuwa lake, nami nikamwacha ajilaumu kwa sababu ilikuwa afadhali kwangu.

Wiki iliyofuata nikaenda duka la dawa. Nikasubiri wateja watoke. Nikanong'ona. Muuzaji hakuniuliza umri, hakuniuliza kama nna presha, kama kifua kinauma, kama natumia dawa nyingine. Alikata kidonge kimoja kwenye pakiti, akakifunga kwa karatasi, akanipa pamoja na tabasamu. Kile kidonge kilinipa kichwa cha kugonga, uso ukawaka moto, pua ikaziba. Na kilifanya kazi, sikatai. Balaa lilianza hapo hapo, kwa sababu sasa nilikuwa naogopa kwenda bila kidonge.

Maskani ukilileta jambo hili, kwanza litakuja kama mzaha, kisha zitakuja tiba. Kunywa supu ya pweza. Tafuna mukombero, ule mzizi wa watu wa magharibi. Kuna jamaa anauza vumbi la Kongo. Mwingine atakwambia acha muguka, huku shavu lake limejaa muguka. Mwaka 2024 gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, kabla mahakama haijaisimamisha amri hiyo, hoja mojawapo niliyoisikia mabarazani ilikuwa ni hii hii, kwamba majani yale yanamaliza wanaume. Basi kila mtu ana mchawi wake. Lakini nani aliyewahi kukwambia kitu kile kinasimama vipi?

Ngoja nikwambie, maana mimi niliambiwa na miaka 24, na aliyeniambia ni muuguzi wa kike niliyeona haya hata kumtazama usoni.

Kusimama si msuli. Ni damu. Ubongo unapata ashiki, unatuma habari kwenye mishipa ya fahamu, mishipa ile inatoa gesi inayoitwa nitriki oksaidi, na gesi hiyo inailegeza mishipa ya damu. Damu inaingia, inajaa, inazuiwa kutoka. Basi. Wanasayansi watatu wa Marekani walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kufichua kazi ya gesi hiyo mwilini, na mwaka huo huo Viagra ikaidhinishwa. Dawa hiyo ilitafutwa na kampuni ya Pfizer, kule Uingereza, kwa ajili ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Kazi ya kitandani ilijitokeza kwenye majaribio. Kwa hiyo unapokimeza kidonge kile, jua unameza dawa iliyoanzia moyoni. Ukikichanganya na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kuporomoka ukafa. Na kidonge hakileti ashiki. Kinaufungua tu mlango ambao ubongo ushaugonga.

Sasa tia hofu kwenye hesabu hiyo. Ukiogopa, mwili unatoa adrenalini, na adrenalini inaibana mishipa ile ile inayotakiwa kulegea. Mwili hautofautishi hofu ya mbwa na hofu ya kuaibika. Kijana anayejiuliza "je, itasimama?" tayari ashajibiwa. Ndiyo maana muuguzi yule aliniuliza swali moja kwanza: asubuhi ukiamka, husimama yenyewe? Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mabomba yako yako sawa, kakangu. Tatizo kubwa liko juu." Akagusa kichwa chake.

Je, ponografia ndiyo iliyonifanya hivi? Hapa nataka tuwe wakweli, kwa sababu uongo ni mwingi pande zote mbili.

Upande mmoja kuna wanaokwambia video zile zimekukaanga ubongo na umekwisha. Kuna mabwana wa mitandaoni wanahesabu siku ambazo hawajajigusa kama wafungwa wanavyohesabu siku ukutani, na siku wakianguka wanarudi sifuri wakiwa na aibu mara mbili. Tafiti hazisemi hivyo. Mwaka 2015, Ivan Landripet na Aleksandar Štulhofer wa Croatia waliwachunguza vijana wa Croatia, Norway na Ureno, na wakakuta ushahidi mdogo mno kwamba kuangalia ponografia kunaendana na kushindwa kusimama. Mwaka 2016 kundi la madaktari, wengine wao wa jeshi la wanamaji la Marekani, likaandika kinyume: wanawaona vijana wenye afya nzuri wanaoshindwa na wapenzi wao, na wengine hupata nafuu wakiacha video. Lakini hao walikuwa wagonjwa wachache. Mwaka 2019 Joshua Grubbs na Mateusz Gola wakaja na jibu ambalo mimi naliona ndilo langu: kuangalia peke yake hakukuonyesha uhusiano wa maana na shida hii. Waliokuwa nayo zaidi ni wale waliojiona wamezidiwa, wameshindwa kujizuia. Na hata kwa hao, haikuthibitika kuwa kimoja kimekizaa kingine.

Kwa hiyo anayekuapia kuwa video imekuua, anakuuzia kitu. Tazama vizuri, mara nyingi kuna nambari ya simu chini yake.

Upande wa pili kuna wajuaji wetu wa mjini, wanaosema ponografia ni burudani tu, watu wazima waachwe, anayelalamika ni mshamba. Hao nao nawauliza: burudani gani ambayo mtu anaitumia kama darasa? Sinema ya kareti naijua kuwa sinema kwa sababu nimeshapigana uani na nikapigwa nikalia. Nna kitu cha kulinganisha nacho. Video za ngono nilizianza na miaka 13, kwenye simu ya binamu, sina chochote cha kulinganisha nacho. Nilidhani ndivyo watu wanavyokuwa. Nilidhani mwanamume ni mtu anayesimama dakika 40 bila kupumzika, bila kuzungumza, bila kuogopa. Hakuna aliyeniambia kuwa video ile imekatwa na kuunganishwa, kuwa kuna mtu na taa na kamera, kuwa wengine wao wanatumia vidonge vile vile nilivyovinunua mimi kwa kunong'ona.

Ubongo unajifunza kwa mazoea, na hilo halihitaji maprofesa. Ukijizoesha kwa mwaka mzima kupata raha peke yako, kwa mkono unaobana utakavyo, kwa video unayoibadilisha kila baada ya sekunde kumi, kwa haraka kabla mtu hajabisha hodi, basi hayo ndiyo utakayokuwa umeyajua. Halafu anakuja binadamu. Binadamu ana harufu yake, ana mwendo wake, anacheka katikati, anakuuliza jambo. Huwezi kumpeleka mbele kwa kidole. Mimi sikuwa nimekufa nguvu. Nilikuwa nimezoea kuwa mtazamaji, nikaitwa uwanjani.

Hasira yangu, basi, si kwa video peke yake. Hasira yangu ni kwamba video ndiyo mwalimu pekee niliyepewa.

Msichana wa Pwani akikaribia kuolewa, ana somo. Kuna mwanamke mzima aliyekubaliwa na familia, anamfungia mlango, anamwambia mambo kwa majina yake. Kule Unguja, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwao alijulikana pia kwa unyago, kwa kuwafunda wasichana. Unaweza kuwa na malalamiko yako kuhusu mafunzo hayo, kwamba mengi yalimfunza mke kumfurahisha mume na si zaidi. Sawa, tujadiliane. Lakini kulikuwa na mtu, kulikuwa na mlango, kulikuwa na lugha.

Sisi je? Tulitahiriwa wadogo, tukafungwa leso, tukapewa supu ya kuku, tukaambiwa tusilie. Somo likaishia hapo. Madrasa nilifundishwa kuoga janaba kabla sauti haijanikatika. Nilijua maji yanaanzia wapi na yanaishia wapi, nilijua nia yake kwa moyo. Sikuambiwa hata siku moja kitu kinacholeta hiyo janaba ni nini, na ukiwa nacho ufanye nini na mwenzako. Wenzangu wa kanisani waliambiwa wangoje ndoa. Shuleni mwalimu aliruka sura ile ya kitabu, akasema someni wenyewe nyumbani. Tukasoma wenyewe nyumbani. Ndiyo haya.

Na baba zetu? Utafiti mashuhuri wa Massachusetts, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 wana shida hii kwa kiwango fulani. Haya, hapa si Massachusetts. Kata nusu. Kata nusu tena. Bado ni wazee wengi mno pale barazani, wanakunywa kahawa tungu, wanajadili siasa za bandari, na wote wanajua jambo ambalo hakuna hata mmoja atakayelisema. Wangelisema, mimi nisingedhani niko peke yangu duniani.

Serikali nazo zina dawa yao, na dawa ni jela. Uganda ilipitisha sheria ya kupinga ponografia mwaka 2014, ikaunda na kamati yake. Kilichofuata ni wanawake kusumbuliwa barabarani kwa ajili ya sketi fupi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikavifuta vipengele muhimu vya sheria hiyo. Mwaka huo huo kwetu, Aden Duale, wakati huo mbunge wa Garissa Mjini, akapeleka mswada uliotaka anayechapisha ponografia afungwe hadi miaka 25 au atozwe faini hadi shilingi milioni 20. Milioni 20! Na kumfundisha kijana wa Chaani mwili wake mwenyewe, bajeti yake iko wapi? Unaweza kufunga tovuti elfu. Kijana atabaki na maswali yale yale saa nane za usiku, na Telegram bado iko.

Wahubiri na maustadhi nawaheshimu, na sijasema waache kuita haramu kile wanachoamini ni haramu. Nasema tu kwamba aibu haisimamishi kitu. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kushindwa kuzuia tabia za kingono katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini likaandika wazi kuwa dhiki inayotokana na kujihukumu kimaadili peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Kuna mtu anaangalia mara moja kwa mwezi, kisha anaishi mwezi mzima anajiona najisi, anaogopa hata kuchumbia. Huyo video haikumharibu. Aliharibiwa na kukosa wa kumuuliza.

Na kuna wanaolipia haya bila kuyanunua. Wanawake. Mume asiposimama, wa kwanza kushukiwa ni mke. Amenenepa, amezaa, hajui mambo, ana jini mahaba, amemtupia mumewe kitu. Anapelekwa kwa mganga yeye. Nimesikia mama zangu wakizungumza jikoni, wakidhani nimelala: mwenzao karudishwa kwao Mtopanga kwa sababu hii. Hakuna aliyemwambia bwana yule akapime sukari.

Akapime sukari! Hapa mzaha wa maskani unageuka kuwa hatari. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, huko chini hujulikana mapema, pengine miaka kadhaa kabla ya moyo. Kisukari kinafanya hivyo. Presha inafanya hivyo. Sigara inafanya hivyo. Unga unafanya hivyo kwa njia nyingine, unashusha homoni. Mwanamume wa miaka 38 anayekunywa supu ya pweza kila Ijumaa na kumeza vidonge vya siri, huenda mwili wake unampigia kengele na yeye anaifunga kengele hiyo kwa kitambaa. Rafiki yetu mmoja wa maskani, mkubwa kwetu kidogo, dereva wa tuktuk, alifanya hivyo miaka miwili. Alipopimwa, kwa bahati, kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona, sukari ilikuwa imepanda zamani. Ule mguu sasa una vidole vitatu. Tulikuwa tunamcheka, mimi nikiwa mmoja wao. Tulimwita jina ambalo sitaliandika hapa.

Basi nataka nini? Sitaki tuandamane. Nataka mambo madogo.

Nataka muuzaji wa duka la dawa aulize maswali matatu kabla ya kukata kidonge: moyo, presha, dawa nyingine. Hayo ni maisha ya mtu. Nataka anayekwenda hospitali ya Likoni au Port Reitz kwa jambo hili asiulizwe kwa sauti mbele ya foleni, maana sehemu moja niliyoanzia, ambayo siitaji, nilipigiwa kelele "wewe wa uume!" nikatoka na kwenda zangu. Nataka wazee wa baraza wajue kuwa kunyamaza kwao si heshima. Tulihitaji somo wetu. Bado tunahitaji. Hata kama ni mjomba mmoja, jioni moja, kwa lugha ya kuzungukazunguka. Tutaelewa.

Na wewe unayesoma hii usiku, simu mkononi, mlango umefungwa: jiulize lile swali la muuguzi. Kama asubuhi husimama na ni na mtu tu ndipo pana shida, pumzisha video wiki kadhaa uone, si kwa kuhesabu dhambi, ni kwa kuona tu. Na umwambie mwenzako. Kama asubuhi nako hakuna kitu, wiki baada ya wiki, kapime presha na sukari kesho. Si Jumatatu ijayo. Kesho.

Mimi nilimpigia yule msichana wa Mikindani baada ya miezi minane. Hatukurudiana, ana mtu wake. Nilimwambia, "Siku ile ulipouliza kama hunipendezi, jibu lilikuwa unanipendeza. Niliogopa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si ungesema tu."

Ndiyo. Ningesema tu. Lakini sikuwa nimewahi kumsikia mwanamume yeyote akisema.